Mfongo Mpya Kihambani: Intaneti ya Kwanza Nyumbani na Ulinzi Wake

Mwezi Agosti 2022, Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilifikisha intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya mwaka ule kwisha huduma hiyo ikapandishwa hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Tangu hapo mpanda mlima ameweza kusimama kileleni na kuwaonyesha ndugu zake walioko ng'ambo barafu ya Kilimanjaro kwa picha inayotembea. Ni jambo la kujivunia. Lakini chini ya mlima huo huo, katika vihamba vya Machame, zingaliko nyumba nyingi ambazo intaneti yake ni kifurushi cha simu tu, nacho aghalabu hukatika kabla mtoto hajamaliza somo lake.

Leo ukurasa huu unazungumza na familia iliyoamua kuingiza intaneti ya kudumu nyumbani kwa mara ya kwanza. Tunazungumza vilevile na mfanyakazi wa Moshi, Arusha au Dar es Salaam anayetaka kuwawekea wazazi wake kule juu, ili asikie sauti zao na kuona nyuso zao kila jioni. Tutaeleza namna ya kuchagua, namna ya kufunga, na zaidi ya yote namna ya kulinda. Maana chombo hiki kikishaingia ndani huwa ni mlango, na nyumba yenye mlango usio na komeo haina mwenyewe.

MAJI YANATOKA WAPI?

Wazee wa Machame wataelewa jambo hili upesi kuliko vijana wa mjini, kwa sababu wamelelewa kando ya mfongo. Maji ya mfongo huchepushwa mtoni huko juu, yakateremka kwa mfereji uliochimbwa kwa ustadi, yakagawanywa kijiji kwa kijiji, hata yakafika kwenye shina la mgomba wako. Intaneti nayo ina chanzo na mfereji. Hadi mwaka 2009 Tanzania ilitegemea sana mitambo ya setilaiti, na huduma ilikuwa ghali na ya kusuasua. Mwaka huo waya wa chini ya bahari wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Wakati huo huo Serikali ilikuwa ikijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani nyaya za nyuzi za kioo zilizotandazwa kutoka mkoa hadi mkoa. Kwa hiyo habari hutoka baharini, hupita katika mkongo hadi Moshi, kisha huenda kwenye minara ya simu au kwenye waya unaoelekea mtaani, na mwisho hufika nyumbani.

Mfano huu una mafunzo mawili. La kwanza, maji yaliyomo katika mfereji hugawanywa kwa wote walio chini yake. Mnara mmoja hugawia watu wengi, na ndiyo maana intaneti huwa nyepesi saa nne asubuhi na nzito saa mbili usiku. Tena kila mwenyeji wa Machame anajua jinsi vijiji vinavyofurika mwezi Desemba, watoto wote wanaporudi nyumbani kwa Krismasi. Basi asishangae mnara nao ukilemewa. La pili, anayeacha mlango wa mfereji wake wazi usiku kucha hunywesha migomba ya watu asiowajua. Hilo tutalirudia.

KUCHAGUA NJIA

Njia zinazopatikana kwa kawaida ni tatu. Ya kwanza ni waya wa nyuzi za kioo, unaojulikana kwa jina la faiba. Ndiyo njia bora kuliko zote: ina kasi, haiyumbishwi na mvua wala ukungu, na kioo hakipitishi umeme wa radi. Kasoro yake ni kwamba haifiki kila mahali; mara nyingi huanza mijini na kando ya barabara kuu.

Njia ya pili ni ruta inayotumia laini ya simu. Hiki ni chombo kidogo kinachopokea mawimbi ya mnara na kuyageuza kuwa mtandao wa nyumbani usio na waya, ambao watu huuita waifai. Kwa familia nyingi za miteremkoni hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi. Njia ya tatu ni sahani ndogo inayofungwa juu ya paa na kuelekezwa kwenye mtambo wa kampuni. Hufaa mahali panapoonana na mtambo huo moja kwa moja.

Kabla ya kulipa chochote, fanya jaribio lisilo na gharama kubwa. Waombe ndugu na majirani wenye laini za kampuni mbalimbali waje nyumbani kwako na simu zao. Fungueni kitu kile kile kwa kila simu, sebuleni, dirishani na uani. Mara moja mchana na mara moja usiku. Usitosheke na maneno ya muuzaji kwamba Machame yote ina mtandao. Nchi yetu ni ya migongo na makorongo. Nyumba iliyo juu ya mgongo yaweza kupokea vizuri, na ile iliyo bondeni kuelekea Weruweru au Kikafu, hatua mia tatu tu kutoka hapo, isipate kitu, kwa kuwa ardhi yenyewe imeyakinga mawimbi. Majani mabichi yaliyolowa mvua hupunguza nguvu ya mawimbi, na mabati ya paa huyarudisha nyuma. Nyumba iliyozungukwa na migomba na mibuni haina budi kupimwa yenyewe, si kwa kuangalia nyumba ya jirani.

HESABU KABLA YA MKATABA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kasi ya intaneti hutajwa kwa megabiti kwa sekunde, na matumizi hutajwa kwa gigabaiti. Watu wengi huvichanganya vitu hivi viwili. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo kasi ya megabiti 20 kwa sekunde huteremsha megabaiti mbili na nusu tu kwa sekunde, si 20.

Sasa tupige hesabu ya nyumba moja. Filamu au somo la video la ubora wa kawaida hutumia kiasi cha megabiti tatu kwa sekunde. Kwa saa moja hiyo ni gigabaiti 1.35. Tuseme mtoto anasoma kwa video saa moja kila siku, na familia inatazama vipindi kwa saa mbili jioni: jumla ni gigabaiti 4.05. Ongeza nusu saa ya mazungumzo ya picha na bibi, ambayo kwa megabiti moja kwa sekunde ni gigabaiti 0.225. Nyumba hii inakula takriban gigabaiti 4.3 kwa siku, na kwa siku 30 inakaribia 130. Mtu akikuuzia kifurushi cha gigabaiti 30 akisema kitakutosha mwezi mzima, mjibu kwamba kwa hesabu yako kitakwisha katika wiki moja.

Kwa hiyo uliza maswali haya, na majibu uyaone katika maandishi. Je, matumizi yana kikomo? Kikomo kikifikiwa, huduma hukatwa au hupunguzwa kasi? Chombo ni mali yangu au ni cha kuazima? Kikiharibika, nani hutengeneza, na kwa muda gani? Nikihamia Moshi mjini, naweza kukichukua? Mkataba ukivunjwa, nadaiwa nini? Mfanyakazi asione haya kuuliza. Fedha ni yake, na aliyeitolea jasho ana haki ya kujua inakokwenda.

KUIFUNGA

Siku ya kufunga, mahali pa kuweka ruta ni jambo la kwanza. Iweke karibu na dirisha linaloelekea mnara, juu ya rafu, mahali pakavu. Usiifiche nyuma ya televisheni, ndani ya kabati wala juu ya jokofu, maana vyuma huzuia mawimbi. Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili: ya 2.4, yanayofika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, na ya 5, yenye kasi kubwa lakini ya masafa mafupi. Simu ya bibi aliye jiko la nje iunganishwe na ya kwanza; televisheni iliyo chumba kimoja na ruta iunganishwe na ya pili.

Jambo jingine ni umeme. Unapokatika na kurudi ghafla, chombo kinaweza kuungua. Nunua kifaa cha kuzuia umeme unaopanda na kushuka, na ukiweza ongeza betri ndogo ya akiba, ili mtandao usife kila taa zinapozimika. Masika yakianza na radi zikapiga mlimani, chomoa chombo ukutani hadi zitulie.

KOMEO LA KWANZA NA LA PILI

Sasa tumefika kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Chini ya ruta yako kuna karatasi ndogo iliyobandikwa. Imeandikwa jina la mtandao, neno la siri la mtandao, na mara nyingi jina na neno la siri la kuingilia katika mipango ya chombo chenyewe. Wengi hudhani neno la siri ni moja. Ni mawili. La kwanza hufungua mlango wa nyumba. La pili hufungua kasha la funguo zote.

Mwaka 2016 ulimwengu uliona madhara ya kupuuza kasha hilo. Programu haramu iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani ikibisha hodi kwenye kamera na ruta za majumbani, ikijaribu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani, kiasi cha 60 hivi. Haikuhitaji werevu wowote. Ilifunguliwa na uvivu wa wenye nyumba. Vyombo vilivyotekwa vilitumiwa kama jeshi. Mwaka huo huo kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia ilishambuliwa na jeshi la namna hiyo, na wateja wake wakapata taabu kubwa ya mawasiliano. Mwezi Novemba, aina nyingine ya programu hiyo iliangusha ruta za wateja wapatao 900,000 nchini Ujerumani. Mwingereza aliyehusika na shambulio la Liberia alihukumiwa jijini London Januari 2019 kifungo cha miaka miwili na miezi minane. Lakini fikiri, ndugu msomaji: wenye kamera na ruta zile walikuwa watu wema waliolala usingizi majumbani mwao, wasijue kwamba vyombo vyao vilikuwa vikipiga taifa la Afrika.

Basi fanya yafuatayo siku ile ile, fundi akiwa bado hapo.

Kwanza, ingia katika mipango ya ruta kwa kuandika namba iliyo kwenye karatasi ile, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na ubadilishe neno la siri la uendeshaji. Fundi asilijue. Si kwamba tunamshuku. Ni kwamba mwashi akimaliza nyumba hukabidhi funguo.

Pili, badilisha jina la mtandao na neno lake la siri. Jina lisitaje ukoo wala nyumba yako. Neno la siri haliruhusiwi kupungua herufi nane na laweza kufika 63. Basi tumia nafasi hiyo. Chagua maneno manne au matano yasiyohusiana, kwa mfano mgomba, saba, ngazi, kikombe, uyaunge pamoja. Usitumie mfano huu, kwa kuwa umekwisha chapwa gazetini. Wala usitumie namba ya simu, jina la mtoto au mwaka wa kuzaliwa. Hayo jirani anayajua yote.

Tatu, katika sehemu ya ulinzi chagua WPA3, na ikiwa vyombo vyako ni vya zamani, WPA2. Ukikuta WEP, iache kabisa. Udhaifu wake ulifichuliwa tangu mwaka 2001.

Nne, zima njia ya kuunganisha kwa kitufe iitwayo WPS, na uzime ruhusa ya kuendesha ruta kutoka nje ya nyumba.

Tano, tafuta mahali pa kusasisha programu ya ruta, na uiruhusu ijisasishe yenyewe ikiwa inaweza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na programu mpya ndiyo udongo wa kuziba nyufa zinazogunduliwa kila mwaka.

Sita, ikiwa umewafungia wazazi kamera ili uione nyumba ukiwa mjini, badilisha neno la siri la kamera hiyo pia. Kamera yenye neno la kiwandani ni jicho lako, na laweza kuwa jicho la mwizi anayetaka kujua ni siku gani mzee amebaki peke yake.

MGENI NA JIRANI

Hapa linakuja swali gumu, nalo si la ufundi bali la utu. Sisi hatujazoea kumnyima jirani. Kijana wa jirani akija na kusema, "Shikamoo mama, naomba neno la siri nijaze fomu ya chuo," mama gani atamfukuza? Na mfongo wenyewe haujawahi kuwa wa mtu mmoja. Huchimbwa kwa nguvu za wengi, na maji hutumiwa kwa zamu.

Lakini kumbuka kwamba mfongo ulidumu kwa sababu ulikuwa na taratibu. Aliyechukua maji nje ya zamu yake aliulizwa. Intaneti nayo ina mwenye kuulizwa. Ikiwa ruta yako hutumia laini ya simu, laini hiyo imesajiliwa kwa alama za vidole vyako na namba yako ya kitambulisho cha Taifa. Usajili wa namna hii ulikamilishwa kwa lazima Januari 2020. Kijana akituma matusi au akitapeli watu kwa kupitia mtandao wako, uchunguzi utaanzia kwako. Tangu mwaka 2015 nchi ina Sheria ya Makosa ya Mtandao, na si vyema mzee wa miaka sabini aitwe kueleza jambo asilolijua.

Dawa ipo, nayo haivunji ujirani. Ruta nyingi huweza kutoa mtandao wa pili wa wageni, wenye neno lake la siri, usioingia kwenye vyombo vya nyumba. Mpe jirani huo. Mwekee saa, na ubadilishe neno lake kila mwezi. Hivyo kijana atajaza fomu yake, na kasha lako la funguo litabaki salama.

WATOTO NA WAZEE

Kwa watoto, ruta huweza kupangiwa saa za kulala na kuzuiwa baadhi ya kurasa. Tumia uwezo huo, ila usiuachie kazi ya ulezi. Simu ya mtoto itumike sebuleni, si kitandani; na mzazi azoee kuuliza, "Leo umejifunza nini huko?" kama anavyouliza habari za shule. Mtoto anayeogopa kuadhibiwa atanyamaza siku atakapotishwa na mtu asiyemjua, na siku hiyo ndiyo tuliyo na haja ya sauti yake.

Kwa wazee hatari ni nyingine. Ruta yenye makomeo yote haimzuii tapeli anayebisha hodi kwa maneno. Sote tumewahi kupata ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Siku hizi wanapiga simu wakijifanya wahudumu wa kampuni, wakiomba namba ya siri ili waongeze kasi ya mtandao. Mwambie baba na mama kwa Kiswahili, na ikibidi kwa Kichaga, sentensi moja waishike: hakuna mhudumu wa kweli anayeuliza namba ya siri. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenye namba 15040. Na kwa kupiga *106# kila mmoja atazame ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake; akiona asizozijua, aende kwa kampuni husika zifutwe. Mzee aliyeuza kahawa yake msimu huu hana msimu mwingine wa kuifidia fedha itakayoibwa kwa dakika mbili.

Fanyeni pia makubaliano ya familia: mtoto akiomba fedha kwa ujumbe, mzazi ampigie kwanza kwa namba anayoijua na kusikia sauti yake. Asione ni kumkosea mwanawe. Ni kumlinda yeye na kujilinda.

YA KUFANYA LEO

Ndugu msomaji, Jumapili ni siku ya kupumzika, lakini kazi hii haizidi nusu saa. Ikiwa ruta tayari iko nyumbani, igeuze usome karatasi iliyo chini yake. Ikiwa maneno yaliyoandikwa pale ndiyo mnayotumia hadi leo, yabadilisheni yote mawili kabla ya chakula cha jioni. Yaandikeni katika daftari, mlifungie mahali zinapokaa hati za kihamba na vyeti vya watoto. Watu wawili katika nyumba wajue daftari liliko, ili mmoja akisafiri wengine wasikwame.

Na wewe uliye mjini unayepanga kuwapelekea wazazi ruta, usiitume kwa basi ikiwa kwenye boksi ukidhani umemaliza. Panda nayo mwenyewe. Kaa siku moja, funga makomeo yote, mfundishe mama kupokea simu ya picha na umngoje mpaka aweze bila msaada wako. Mfereji ukishafika mlangoni, anayekaa hapo ndiye anayepaswa kujua namna ya kuufungua na kuufunga.